Albamu Isiyofyatuliwa: Nyimbo za Mapenzi, Santuri Ndogo na Jiji la Kampala, 1968–1977

Ikisiri

Makala hii inachunguza kwa nini muziki wa mapenzi ulioimbwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mitindo ya soul na rumba ilipokuwa imeshika miji mingi ya Afrika, umetufikia karibu wote katika vipande vya dakika tatu tatu, na si katika albamu. Hoja yake ni kwamba pengo hilo lilitokana na mnyororo wa uzalishaji ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa nje ya mpaka wa Uganda, na ambao ulikatwa kwa awamu kati ya mwaka 1972 na 1977. Makala inaonya dhidi ya tabia ya kusoma uchache wa santuri kama ushahidi wa uchache wa muziki, na inaonyesha jinsi tabia hiyo inavyoathiri sera ya urithi wa utamaduni hadi sasa.

Kipimo kutoka Philadelphia

Mwaka 1971 kampuni ya Avco ya Marekani ilitoa albamu ya kwanza ya The Stylistics, kundi la waimbaji watano wa Philadelphia. Albamu hiyo ilikuwa na nyimbo tisa. Mmoja wao ulikuwa umerekodiwa kabla, katika studio nyingine, na ulikuwa tayari umepata jina mjini mwao. Nyimbo nyingine zilitengenezwa na mtayarishaji Thom Bell katika studio ya Sigma Sound, nyingi akizitunga pamoja na Linda Creed. Juu ya fidla na pembe zilizopangwa kwa uangalifu ilielea sauti ya Russell Thompkins Mdogo, sauti ya kiume iliyopandishwa hadi mahali ambapo wasikilizaji wengi wangetarajia kumsikia mwanamke. Hiyo ndiyo soul laini, muziki wa kubembeleza, ambao katika miaka michache ulifuata mawimbi ya redio na meli za mizigo hadi kwenye kumbi za dansi za miji ya Afrika.

Albamu hiyo inatajwa hapa kwa sababu ni kipimo kinachofaa. Nyuma ya zile nyimbo tisa palikuwa na watunzi wanaolipwa, studio yenye mashine za kurekodi sauti nyingi kwa zamu, wapiga fidla wa kukodi, kiwanda cha kufyatulia santuri, msambazaji, vituo vya redio vilivyogombea nyimbo mpya, maduka, na sheria ya hakimiliki iliyohakikisha kwamba kila aliyehusika alijua fungu lake. Albamu ni kitu cha mwisho katika mnyororo mrefu. Mji unaweza kuwa na waimbaji wa kila namna, lakini ukikosa viungo viwili au vitatu vya mnyororo huo, hautaacha albamu. Kampala ya mwaka 1971 ilikuwa mji wa namna hiyo.

Mwaka huo ulianza vibaya kuliko ilivyoonekana wakati huo. Tarehe 25 Januari askari mmoja alisoma kwenye Radio Uganda sababu 18 za jeshi kumwondoa Milton Obote, na Idi Amin akashika madaraka. Sehemu kubwa ya Buganda ilishangilia. Mwezi Aprili mwili wa Kabaka Mutesa II, aliyefariki uhamishoni London mwaka 1969, ulizikwa Kasubi baada ya kurejeshwa nchini, na kwa muda mji ulikuwa na hisia kwamba jambo lililovunjika lilikuwa limeungwa. Kumbi za dansi zilijaa. Katika hali hiyo ya matumaini mafupi ndimo waliimba wanamuziki wanaozungumziwa hapa.

Sauti zilizokuwapo

Haitoshi kusema kwamba Kampala ilikuwa na bendi. Kila mji wa Afrika Mashariki ulikuwa nazo. Jambo la pekee ni namna mapokeo matatu yalivyokutana katika eneo dogo kati ya Mengo, Katwe, Nakulabye na Barabara ya Kampala.

La kwanza ni kwaya. Shule na makanisa ya misheni, ya Kiprotestanti na ya Kikatoliki, yalikuwa yamefundisha vizazi kadhaa kuimba kwa sauti nne. Joseph Kyagambiddwa alitunga oratorio juu ya mashahidi wa Uganda, na George Kakoma alitunga wimbo wa taifa uliopokewa mwaka 1962. Wote wawili ni matunda ya elimu hiyo. Kijana aliyeingia bendi ya dansi baada ya miaka katika kwaya ya shule alijua tayari kushika sauti ya tatu bila kupotea. Kwa hiyo muziki wa makundi ya Marekani ulipomfikia hakuhitaji kufundishwa jinsi sauti zinavyopangwa. Alihitaji gitaa la umeme na kikuza sauti.

La pili ni wimbo wa gitaa wa Kiganda. Christopher Ssebadduka anatajwa miongoni mwa baba wa kadongo kamu, yaani wimbo wa gitaa moja, unaosimulia kisa kwa maneno mengi na kumwacha msikilizaji afikirie maana. Elly Wamala na Fred Masagazi walikuwa upande mwingine wa mapokeo hayohayo: melodi laini zaidi, kisa kifupi, bendi nyuma yao. Wamala hasa aliimba mapenzi kwa staha ambayo wasikilizaji wake waliipenda hadi alipofariki mwaka 2004. Ikiwa neno soul lina maana ya sauti inayokiri udhaifu wake mbele ya mpenzi bila kuona haya, basi Waganda walikuwa nalo kabla hawajalisikia neno lenyewe.

La tatu ni rumba ya Kongo. Wanamuziki wa Kikongo walipita Kampala mara kwa mara katika miaka ya 1960 na 1970, wengine wakiwa njiani kuelekea Nairobi. Samba Mapangala, ambaye baadaye alijulikana kote katika Afrika Mashariki kupitia Orchestra Virunga, alifanya kazi Uganda kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977. Kutoka kwao Kampala ilijifunza gitaa la kupokezana, na ule mgawanyo wa wimbo kuwa sehemu mbili: kwanza maneno na melodi ya polepole, kisha sebene ya kuchezea.

Katikati ya mapokeo hayo ilisimama Cranes Band, iliyochukua jina la korongo wa bendera ya taifa. Ilianza katika miaka ya 1960, na mwishoni mwa muongo huo alijiunga nayo kijana mpiga saksafoni na mwimbaji, Moses Matovu. Karibu nayo walikuwapo wengine, kama Peterson Mutebi na kundi lake la The Tames. Bendi hizi ziliishi kwa kumpa mcheza dansi kila alichotaka: nyimbo za Marekani kwa Kiingereza, rumba kwa Kilingala, na utunzi wao kwa Kiluganda, usiku mmoja, jukwaa moja. Msomi anayetafuta soul ya Kampala kama mtindo safi uliotengwa na mingine atarudi mikono mitupu. Ilikuwa mchanganyiko, na wapigaji wenyewe hawakuona sababu ya kuutenganisha.

Njia ya Nairobi

Kampala haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Hili ndilo jambo la kimsingi, na fasihi juu ya muziki wa Uganda hulitaja kwa haraka mno. Viwanda, pamoja na studio za kibiashara zenye vifaa kamili, vilikuwa Nairobi. Tangu miaka ya 1950 mji huo ulikuwa kituo cha biashara ya santuri kwa eneo zima; Tanzania nayo, iliyokuwa na studio nzuri ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ilipeleka mikanda yake Nairobi ili ifyatuliwe. Mganda aliyetaka wimbo wake uwe kitu cha kushikwa mkononi alisafiri takriban kilomita 650 kwa treni au kwa basi, akarekodi nyimbo chache kwa siku moja au mbili, akarudi.

Wengine hawakurudi upesi. Charles Ssonko, Mganda, alikuwa miongoni mwa wanamuziki wa Equator Sound Studios ya Nairobi, chini ya Charles Worrod, pamoja na Fadhili William, Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Katika studio hiyo Mganda, Wakenya na Wazambia walitengeneza nyimbo ambazo leo huorodheshwa karibu zote kama muziki wa Kenya. Suala la orodha litarudiwa mwishoni.

Safari ya Nairobi iliamua pia umbo la wimbo. Bidhaa kuu ya soko la Afrika Mashariki ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye nafasi ya dakika tatu au nne kila upande. Santuri ndefu yenye dakika ishirini hivi kila upande iligharimu zaidi, ilihitaji gramafoni bora, na ilimlazimu mfanyabiashara kufunga fedha nyingi katika jina moja. Kwa nini afanye hivyo wakati mnunuzi wa Katwe au wa Kisumu alikuwa tayari kulipia wimbo mmoja anaoupenda? Basi wimbo uliochezwa ukumbini kwa dakika kumi na tano ulikatwa: maneno upande wa kwanza, sebene upande wa pili, au sebene ikaachwa. Kilichobaki kwetu ni muhtasari wa muziki. Anayelinganisha santuri ndogo ya Kampala na albamu ya Philadelphia analinganisha barua na telegramu, kisha anashangaa kwamba telegramu haina ufasaha.

Ni haki kuongeza kwamba albamu za soul zenyewe mara nyingi zilikuwa mkusanyiko wa santuri ndogo zilizokwisha kupendwa, kama ule wimbo mkongwe katika albamu ya The Stylistics unavyoonyesha. Tofauti ni kwamba Philadelphia palikuwa na mtu mwenye maslahi ya kukusanya. Kwa wanamuziki wa Kampala, kazi ya kukusanya ingemwangukia mwenye lebo wa Nairobi au mwenye duka wa Kampala. Na mwenye duka wa Kampala, kabla hajafikiria jambo hilo, aliamriwa aondoke.

Siku tisini

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke nchini. Muda ukawekwa kuwa siku 90, amri ikapanuliwa na kubadilishwa mara kadhaa, na kufikia tarehe 8 Novemba makumi ya maelfu walikuwa wamekwenda. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza. Historia ya tukio hilo imeandikwa kwa mapana upande wa siasa, uchumi na haki za binadamu. Upande wa muziki umeguswa kidogo tu.

Biashara ya santuri katika Afrika Mashariki ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa familia zenye asili ya Bara Hindi. Kenya ina mifano inayojulikana vizuri: Chandarana wa Kericho, Assanand na Shankardass, Mzuri wa Mombasa. Hawa hawakuwa wauzaji tu. Walisikiliza, walichagua, walilipia muda wa studio, walibuni lebo, na walijua ni duka gani la mji gani litauza nakala ngapi. Nchini Uganda pia mfanyabiashara wa Kiasia ndiye aliyeagiza gramafoni na redio, nyuzi za gitaa, ngozi za ngoma, valvu za vikuza sauti na matete ya saksafoni. Uhusiano wake na mwanamuziki haukuwa wa haki kila mara. Malipo ya mara moja bila mrabaha yalikuwa desturi ya eneo zima. Lakini ulikuwa uhusiano unaofanya kazi, na hakuna uliochukua nafasi yake.

Maduka yaligawiwa. Waliogawiwa, ambao mtaa uliwaita mafutamingi, wengi waliuza bidhaa walizozikuta na hawakuweza kuagiza nyingine, kwa kuwa mikopo ya wauzaji wa ng'ambo ilikuwa imefungwa na majina ya wale waliofukuzwa, na fedha za kigeni ziliadimika. Duka la santuri lilikuwa rahisi kumaliza kuliko duka la nguo. Gitaa lilipokatika uzi, uzi mwingine ulitafutwa kwa magendo.

Usiku nao ulibadilika. Mwaka huohuo wa 1972 serikali ilipiga marufuku sketi fupi, na mavazi ya mwanamke aendaye dansini yakawa jambo la polisi. Mwezi Septemba Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata alitoweka Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Watu wa kawaida walitoweka kwa idadi kubwa zaidi na bila kutajwa. Bendi za dansi hutegemea mtu anayeamini kwamba atafika nyumbani saa nane za usiku. Imani hiyo ilipopungua, ukumbi ulipungua mapato, na bendi isiyo na mapato haina nauli ya Nairobi.

Hata hivyo si kweli kwamba utawala ule ulinyamazisha muziki. Uliupenda, kwa namna yake. Vikosi vya jeshi vilikuwa na bendi zao za jazi, zenye vyombo na mishahara ambayo bendi za kiraia hazikuwa nayo. Sarah Kyolaba, aliyeolewa na Amin mwaka 1975, alikuwa mcheza dansi katika bendi ya kikosi cha Suicide kilichokuwa Masaka. Filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 inamwonyesha Amin mwenyewe akipiga akodioni, na ni kejeli ya historia kwamba akodioni ya rais imehifadhiwa vizuri katika maktaba za filamu za Ulaya kuliko sauti nyingi za waimbaji wa kweli wa mji wake. Udhamini wa dola ulikuwa na bei. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, aliandika tamthilia ya nyimbo Oluyimba lwa Wankoko mwaka 1971, muziki ukitungwa na Wassanyi Serukenya. Tamthilia hiyo ilipelekwa Lagos kuiwakilisha Uganda katika tamasha la FESTAC mwaka 1977. Baada ya kurejea, Kawadwa alitekwa na kuuawa.

Lugha ya mapenzi na lugha ya kambi

Kwa wasomaji wa Kiswahili kuna swali lisiloepukika: kwa nini nyimbo za mapenzi za Kampala hazikuimbwa zaidi katika lugha iliyowapa Fadhili William na Daudi Kabaka soko la nchi tatu?

Soko lilikuwapo. Mwanamuziki aliyerekodi Nairobi alijua kwamba wimbo wa Kiswahili ungeuzwa Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu, hali wimbo wa Kiluganda ungeishia karibu na Ziwa. Waganda waliohamia Nairobi waliimba Kiswahili bila shida. Lakini Kampala yenyewe ilikisikia Kiswahili kutoka upande mwingine. Tangu enzi ya ukoloni kilikuwa lugha ya jeshi na polisi. Mwaka 1973, baada ya wilaya 12 kukichagua na 8 kuchagua Kiluganda, Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Katika miaka hiyohiyo kilisikika zaidi katika vizuizi vya barabarani. Maneno yake yaliyoingia ndani ya mazungumzo ya mji ni ushahidi tosha: mafutamingi, magendo. Mwaganda aliyetaka kumwambia mpenzi wake jambo la siri hakulitafuta katika lugha aliyoamrishwa nayo kushuka ndani ya gari.

Wataalamu wa sera ya lugha wameeleza mara nyingi kwamba chuki dhidi ya Kiswahili nchini Uganda ilichochewa na shule za misheni na siasa za Buganda. Maelezo hayo ni sahihi, ila hayatoshi. Lugha hupendwa pia kwa sababu ya nyimbo. Mtoto wa Dar es Salaam alijifunza Kiswahili cha mahaba katika redio, kutoka kwa bendi za dansi na taarabu. Mwenzake wa Kampala, katika miaka ambayo angejifunza vivyo hivyo, alikosa santuri za kwao katika lugha hiyo. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Mitaala inayoandaliwa ina sarufi ya kutosha. Ingefaa pia iwe na nyimbo.

Kutoka Cranes hadi Afrigo

Mwezi Septemba 1974 The Spinners, kundi jingine ambalo Thom Bell alilitengenezea nyimbo, lilipanda jukwaani Kinshasa katika tamasha la siku tatu lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman, pamoja na James Brown, Bill Withers, Franco na Tabu Ley. Soul laini ilikuwa sasa imefika katikati ya Afrika kwa miguu yake yenyewe. Tamasha hilo lilirekodiwa na kupigwa filamu, ndiyo maana linakumbukwa.

Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Kampala ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na mji ulipakwa rangi. Katika mwaka huohuo wa 1975 wanamuziki kadhaa wa Cranes Band walijitenga na kuunda Afrigo Band: Moses Matovu, Jeff Sewava, Charles Ssekyanzi na wenzao. Walianzisha bendi katika mazingira ambayo mfanyabiashara yeyote mwenye akili timamu angeyakimbia. Februari 1976 Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya kuwa ya Uganda. Mwezi Julai, baada ya uvamizi wa Waisraeli Entebbe, uhusiano na Nairobi uliharibika kabisa kwa muda. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na pamoja nayo shirika la reli la pamoja lililokuwa limewabeba wanamuziki na mikanda yao. Njia ya santuri ilikuwa imekatika mara tatu ndani ya miaka mitano: kwanza duka, kisha fedha za kigeni, mwishowe barabara.

Waliobaki walijifunza kuishi kwa jukwaa. Afrigo imevuka nusu karne ikiwa na Matovu, na hakuna bendi ya Uganda iliyodumu kuliko hiyo. Uhai wake mrefu unaelezwa kwa kawaida kwa nidhamu na kipaji, na vyote vipo. Lakini ipo sababu ya kiuchumi pia: bendi iliyokosa mapato ya santuri ilikuwa na njia moja tu, kupiga kila wiki. Walioondoka walipata albamu. Philly Lutaaya, aliyeanza muziki Kampala mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupitia Kongo na Nairobi, alitengeneza Born in Africa nchini Sweden katika miaka ya 1980. Albamu inayotajwa kila mara kuwa ya Kiganda kuliko zote ilitoka Stockholm, kwa sababu Stockholm palikuwa na mnyororo.

Kinachohesabiwa kuwa urithi

Uganda ina vipengele sita katika orodha za UNESCO za urithi usioshikika: utengenezaji wa vazi la gome la mti, muziki wa mabuyu wa bigwala wa Busoga, desturi ya empaako, ibada ya Lango ya kutakasa mtoto wa kiume, masimulizi ya Koogere, na muziki wa kinubi cha Wama'di. Vyote vinastahili. Lakini vyote ni vya kijijini au vya kikabila, na hakuna hata kimoja kilichozaliwa mjini. Mwezi Desemba 2021 rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha kwa ombi la pamoja la nchi mbili za Kongo: muziki wa baa, wa gitaa la umeme, wa lugha mchanganyiko. Kinshasa na Brazzaville ziliweza kuwasilisha santuri, majina, tarehe na picha. Hoja zao zilikuwa na vielelezo.

Tofauti kama hiyo ipo ndani ya Uganda yenyewe. Muziki wa ikulu na wa vijijini uliorekodiwa na Klaus Wachsmann kati ya mwaka 1949 na 1954, alipokuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, ulihifadhiwa London, na nakala zake zimerejeshwa Makerere, ambako hifadhi ya sauti na picha inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mtafiti anaweza leo kusikiliza wapiga zumari wa Kabaka wa mwaka 1950 kwa urahisi zaidi kuliko bendi iliyopiga Mengo mwaka 1972. Wachsmann hana lawama. Alifanya kazi yake. Waliofuata hawakupewa kazi hiyo.

Inawezekana kufanya zaidi, na mfano upo karibu. Shirika la Utangazaji la Uganda, lililorithi Radio Uganda na Uganda Television mwaka 2005, lilikutwa na takriban negatifu 70,000 za wapigapicha wa serikali ya Amin. Kwa ushirikiano na Makerere na Chuo Kikuu cha Michigan zilianza kuhamishiwa katika mfumo wa kidijitali, na mwaka 2019 sehemu yake ilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda. Picha zimetangulia, mikanda ya sauti ya taasisi hiyohiyo ina haki ya kufuata, na haina subira ya picha. Mkanda wa sumaku wa nusu karne huachia unga wake juu ya mashine, na kila unapochezwa vibaya hupoteza sehemu ya kilichomo.

Kazi hiyo itakutana na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inalinda haki ya mtunzi katika uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Watunzi wengi wa nyimbo hizo wako hai au wamefariki ndani ya kipindi hicho, na warithi wao wapo. Mpango wowote wa kuhifadhi utakaoanza na mashine kabla ya majina utaishia mahakamani, au, jambo linalotokea mara nyingi zaidi, utaishia katika kabati lililofungwa kwa hofu ya mahakama. Majina hayo, nani aliimba sauti ya pili, nani alitunga na nani alinunua utunzi kwa fedha taslimu, yamo katika vichwa vya wazee wenye miaka sabini na zaidi.

Yamo pia, kwa sehemu, kwenye karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati ya santuri. Karatasi hiyo hutaja lebo, namba, bendi, na mara nyingi jina la mtunzi. Mtunza maktaba anayesoma kwamba santuri ilifyatuliwa Nairobi huiweka katika rafu ya Kenya, naye hakosei kwa kanuni zake. Kadi ya orodha ikiongezewa nafasi tatu, lugha ya wimbo, mji wa bendi na mahali pa kurekodi, rafu hiyohiyo ya Nairobi itaanza kutoa Kampala iliyomo ndani yake.